Mifuko ya Swafwan

Mgeni aliingia dakani, ukumbi wa mbele wa nyumba, na mfuko umemning'inia begani, na Razan aliutambua mshono wake kabla hajautazama uso wa mgeni.

Ulikuwa mfuko wa baiskeli, wa tanga kuukuu lililopakwa nta, ule wa kufungwa ubavuni mwa keria. Vumbi la barabara ya kijiji cha Hindi, kule bara, lilikuwa limeugeuza rangi ukawa kama chai ya maziwa. Razan aliushona mwaka jana, mwezi wa Rajabu, na mkanda wake ulimla siku mbili nzima. Sasa mkanda wenyewe ulikuwa umekatika.

"Hodi wenyewe! Mimi naitwa Mueni. Nimevuka kutoka Mokowe, kwa shirika la baiskeli. Namtafuta Bwana Swafwan, yule fundi wa mifuko."

Razan alikuwa amekwisha kufungua kinywa ili aseme karibu, ndimi. Jina la ndugu yake lilimkuta katikati ya neno.

"Karibu," alisema. "Karibu kitako, Bi Mueni. Swafwan yuwaja sasa hivi."

Akaenda jikoni kutia maji motoni. Mwezi uliopita redio ilitangaza kwamba shirika lile, lililowagawia walimu na wahudumu wa afya baiskeli, linajenga vibanda sita kando ya barabara ya Mokowe, na kimoja ni cha mtu anayetengeneza vitu vya waendesha baiskeli: mifuko, makoti ya mvua, vifuniko vya viti. Atakayeandikwa atapewa ufunguo kwa miaka mitatu. Razan alikuwa na miaka thelathini na mbili, ameachwa na mume na amerudi kwa baba yake, na tangu arudi hajapata kuwa na mlango ambao angeweza kusema ni wake. Fomu ilikuwa ya kujazwa kwenye simu. Simu nzuri ilikuwa ya Swafwan. Alimwita akaketi naye, akamtajia kila kitu: jina lake, mwaka aliozaliwa, miaka minane ya kushona. Swafwan aliandika, akabonyeza, akamwambia, "Tayari, dada. Imekwenda."

Kumbe ilikwenda na jina gani?

Swafwan aliingia akiwa amevaa kanzu safi, na nyuma yake akaja baba yao, Mzee Famau, akipapasa ukuta kwa sababu ya mtoto wa jicho. Zamani mzee huyu alikuwa mshona matanga ambaye manahodha walimngoja mwezi mzima. Waliketi. Razan akaleta kahawa na mahamri, akaketi pembeni kidogo, akauchukua ule mfuko wa Mueni bila kuuliza, akatia uzi kwenye sindano.

"Nakuambia ukweli, Bwana Swafwan," Mueni alisema, "mimi huenda kazini kwa baiskeli kila siku. Mvua ya mwezi wa tano imenikuta porini mara tatu. Mimi nimelowa mpaka mifupani, lakini karatasi za ofisi zimetoka kavu kabisa. Nikasema huyu fundi lazima nimwone kwa macho yangu."

"Alhamdulillahi," Swafwan alisema, akiinamisha kichwa kama mtu aliyezoea kusifiwa. "Ni kazi ya kurithi hii. Iko damuni."

"Na dada naye hushona?" Mueni alikuwa amegeuka, anautazama mkono wa Razan.

Swafwan alicheka kidogo. "Huyu? Ananisaidia saidia. Kukata nyuzi, kupaka nta. Mkanda kama huo ndio kiasi chake."

Sindano ilisimama. Razan alimtazama baba yake. Macho ya mzee hayakuona vizuri, lakini masikio yake yalikuwa mazima, na yeye ndiye aliyemfunga Razan ngozi ya kiganjani, ile ya kusukumia sindano, kwa mara ya kwanza, pale pale sebuleni, alipotoka kwa mumewe na hakuwa na la kufanya ila kulia. Majirani waliposema tanga si kazi ya mwanamke, yeye ndiye aliyewaambia wakamtafutie mwanamume mwenye mkono kama huu.

"Mzee," Mueni alimwambia, "ni wewe uliyemfundisha fundi wetu?"

"Ni mimi."

"Huyu Swafwan?"

Mzee Famau alishusha kikombe polepole mpaka kikapata sahani. "Huyu," alisema. "Swafwan."

Razan akauvuta uzi, akaukata kwa meno, akamrudishia mgeni mfuko wake. Mueni aliuvuta mkanda kwa nguvu zake zote, haukutoa hata mlio.

"Basi sina wasiwasi," alisema Mueni akiinuka. "Alhamisi, saa nne asubuhi, njooni Mokowe. Kila aliyeomba atashona kitu kidogo mbele yetu waamuzi, watu watatu tu. Usiogope, ni utaratibu."

Kahawa ya Swafwan ilimwagika kwenye kanzu.

*

"Nilikutajia jina langu herufi kwa herufi!" Razan alisema, mgeni alipokwisha kupotea uchochoroni.

"Ulinitajia."

"Ukaandika lako."

"Dada, hebu sikiza. Kule Mokowe hii yaitwa mifuko ya Swafwan. Mwalimu auliza mifuko ya Swafwan, daktari auliza mifuko ya Swafwan. Ningeandika Razan wangesema huyu ni nani? Na nani alianza? Si wewe?"

Hapo Swafwan alimpata. Miaka mitatu nyuma, mifuko minne ya kwanza ilipovuka kwenda bara, Razan mwenyewe ndiye aliyemwambia, "Wakikuuliza, sema ni yako." Nyumba yao haikuwa nyumba ya jina la mwanamke kutajwa gatini, likapita mdomo kwa mdomo baina ya mabaharia na wachukuzi. Baba yao hata marehemu mkewe alimwita "watu wa nyumbani" mbele za wanaume, mpaka siku ya kumzika. Razan aliona ni adabu. Aliona jina ni kama dhahabu, hulivai ukienda sokoni.

"Nilisema uiuze," alijibu. "Sikusema ujiite mshonaji."

"Babake Rumaisa ataka kujua nafanya kazi wapi kabla ya kunioza bintiye. Hataki kusikia boti leo, mizigo kesho. Nimemwambia nina kibanda Mokowe. Nimemwambia mbele ya wazee, Razan. Nitarudi nikamwambie nini? Kibanda ni cha dadangu, na mimi hubeba?"

"Ndivyo ilivyo. Si wabeba?"

"Basi, basi," alisema Mzee Famau. "Msipige kelele, watu wasikia."

"Baba, kwa nini ulimwambia vile?"

Mzee alizipapasa taya zake kama anayetafuta mahali pa kuanzia. "Mwanangu, wewe una nyumba hii. Hakuna atakayekutoa. Ndugu yako akikosa mke huyu, atabaki kuzurura mpaka lini? Jina ni la karatasi tu. Sisi humu ndani twajuana."

"Na Alhamisi atashona humu ndani?"

Hata Swafwan alitaka kucheka, akajizuia.

"Utamfundisha," mzee alisema. "Mshono mmoja. Mfuko ushone wewe mpaka umalizike, uache ubavu mmoja, yeye auzibe mbele yao. Nakuomba, Razan. Sijapata kukuomba."

Swafwan akamwapia kwamba harusi ikipita, atakwenda yeye mwenyewe kwa Mueni abadilishe jina. Miezi mitatu tu. Akataja Mungu. Razan alimwamini nusu, na kwa mtu anayependa, nusu hutosha.

*

Siku nne za masomo zilikuwa siku nne za aibu, na ajabu ni kwamba aibu ilimrudia mwalimu. Swafwan alikuwa na vidole vizuri vya kufunga mizigo, lakini sindano aliishika kama mtu aliyeshika nge. Alijichoma. Alivuta uzi mpaka kitambaa kikakunjamana. Alilalamika kwamba ngozi ya kiganjani yanuka.

"Yanuka jasho langu," Razan alisema. "Vaa."

"Sasa hapa napita juu ama chini?"

"Juu, urudi chini, kisha upige ule mshono wa kurudi nyuma. Usivute! Uzi wa nta ukiuvuta sana wakata nguo. Uongoze."

"Wewe hufanya haraka mno."

"Mimi nimefanya miaka minane, Swafwan."

Jioni ya Jumatano alifanikiwa kushona shubiri moja iliyonyooka. Alirukaruka, akaenda kumshikisha baba yao. Mzee alipitisha kidole juu ya mshono kama anayesoma, akasema, "Hapa kuna mkono." Razan alisikia kutoka jikoni. Alikumbuka kwamba kwa mshono wake wa kwanza mzee alisema, "Fumua." Aliufumua mara sita.

*

Mokowe walivuka na mashua ya jirani aliyekuwa akienda kuchukua saruji. Katika chumba cha shirika, baiskeli zilikuwa zimeegemezwa ukutani, na katikati pamewekwa meza na viti. Wenye kuamua walikuwa Mueni, Bwana Nicodemus aliyekuwa mkubwa wake, na mwalimu mmoja mstaafu aliyesinzia tangu mwanzo. Bwana Nicodemus alikuwa mtu mpole, amekuja pwani kutoka mikoa ya ndani miaka mingi iliyopita, na alikuwa na haraka kwa sababu mafundi wengine watano walikuwa wakingoja nje.

"Huyu bibi ni nani?" aliuliza.

"Dadangu. Amenibebea vitu."

Razan akapewa kiti karibu na mlango, mapajani ameweka nta na mkasi. Mzee Famau akaketi kando yake.

Swafwan alishona. Alitoka jasho, lakini alishona, na mshono ulifika mwisho ukiwa umepinda kidogo tu. Bwana Nicodemus aliuchukua mfuko, akaugeuza, akauinua kwenye mwanga, akaupeleka kwenye keria ya baiskeli mojawapo na kuufunga.

"Vizuri. Lakini niambie kitu. Mfuko mzima ni mraba, kisha pembe hii ya chini, upande wa mbele, imekatwa mshazari. Mifuko yote niliyoona ya kwako iko hivyo. Unapoteza nafasi ya vitu. Kwa nini?"

Swafwan aliutazama mfuko kana kwamba wamekutana leo.

"Hiyo ni... tanga lenyewe huwa limeraruka pembeni, bwana. Ni makosa ya kitambaa. Tukipata kitambaa kizuri tutaondoa."

"Kwa hiyo ni kasoro."

"Ni kasoro, ndiyo. Nitairekebisha."

"Si kasoro!"

Sauti ilitoka kwa Razan kabla hajaipa ruhusa. Mkasi ulianguka. Mwalimu mstaafu aliamka.

"Mwanangu," baba yake alinong'ona.

Lakini alikuwa amekwisha kusimama. Wangeweza kumchukulia kibanda. Wangeweza kumchukulia hata jina. Lakini kuiita kasoro ile pembe! Alikwenda mpaka kwenye baiskeli, akaishika pedeli kwa mkono, akaizungusha nyuma.

"Tazama, Bwana. Mguu ukirudi nyuma, kisigino hufika hapa. Mfuko ukiwa na pembe, kisigino chaugonga kila mzunguko. Mtu aende Hindi na kurudi, ataugonga mara elfu ngapi? Utachanika, na yeye atachoka kwa kujizuia. Nilimpandisha ndugu yangu juu ya baiskeli uani, imesimama kwenye stendi, nikampaka chaki visigino, nikamwambia kanyaga. Chaki ikaandika kwenye nguo mahali pa kukata. Nilikata mifuko mitatu ikaharibika kabla ya kupata huu mshazari. Na mkanda wa huku uko chini kuliko wa kule, kwa sababu barabara ina matuta na mzigo hurukia nyuma."

"Wewe huendesha baiskeli?"

"Sijapata kuipanda maisha yangu."

Bwana Nicodemus alikanyaga pedeli, akaizungusha mwenyewe, akapima kwa vidole nafasi iliyobaki baina ya kisigino cha kiatu chake na mfuko. Uso wake ulifunguka. Mueni alikuwa ameuweka mkono mdomoni. Alikuwa akiitazama ngozi ya kiganjani iliyolala mezani, kisha kiganja cha Razan, chenye sugu mahali ngozi inapokaa.

Kwa muda mfupi, mfupi sana, Razan alihisi kifua chake chepesi. Limesemwa. Wamesikia. Watu wenye elimu hawa, wenye haki na karatasi zao, wataliweka jambo mahali pake.

"Hili ni jambo kubwa," alisema Bwana Nicodemus. Akageuka, akampa mkono Swafwan. "Hongera, kijana. Una fundi wa nguvu! Hilo ndilo tulilokuwa tunaogopa, kwamba wewe uko peke yako, ukiugua kibanda kitafungwa. Kumbe una mtu nyuma yako. Nakuongezea alama hapo."

Razan hakuelewa. Alidhani amesikia vibaya.

"Bwana," alisema, "mimi ndiye ninayeshona. Yote. Yeye amejifunza tangu Jumapili."

"Nimeelewa, dada, na nakupongeza."

"Labda tungeuliza kuhusu fomu," Mueni alisema kwa sauti ndogo. "Kama aliyeomba siye..."

"Mueni, fomu zilifungwa mwezi uliopita. Aliyeomba ni Swafwan. Mwenye duka si lazima awe ndiye mshonaji. Mwenye hoteli hupika? Hawa ni familia moja, wataelewana. Si ndiyo, mzee?"

Macho yote yakamgeukia Mzee Famau. Razan naye akageuka, na hakuficha kwamba anamngoja.

"Ni familia moja," alisema mzee. "Twaelewana."

Karatasi ikatiwa sahihi. Ufunguo ulikuwa mpya, ungali na mafuta ya dukani.

*

Mueni alimkimbilia Razan nje, karibu na zile baiskeli. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kwa nini hukuniambia siku ile, nilipokuja kwenu? Ningeandika. Ningefanya kitu."

"Ulimuuliza baba," Razan alisema.

Mueni aliushika mkanda wa mfuko wake begani, akauachia, akaushika tena.

Gatini walikuta boti ya abiria inajaza watu. Swafwan alikuwa na furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu. Alinunua maji ya chupa tatu, akampa dada yake ya kwanza.

"Wallahi umetuokoa," alisema. "Nilikuwa nimekwisha, nakwambia. Ule mshazari! Na mimi nimesahau kabisa habari za chaki. Sasa sikiza, kwa kuanzia twahitaji mifuko ishirini, na makoti kama kumi. Utaweza kwa mwezi?"

"Nani ataweza?"

"Wewe."

"Mimi sitoshona, Swafwan."

Alicheka, kisha akamtazama vizuri, akaacha. "Usinifanyie hivyo. Nimekuapia, harusi ikipita..."

"Uliapa pia kwamba umeandika jina langu."

"Baba, mwambie!"

Mzee Famau alikuwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. "Mwanangu, hasira si nzuri. Twende nyumbani tukazungumze. Hapa ni mbele za watu."

"Nyumbani tumezungumza sana, baba. Pale chumbani ulikuwa na neno moja tu la kusema. Umeulizwa mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa nimekaa mbele yako."

Mzee alifumba macho yake mabovu, kana kwamba bado yangeweza kumwonyesha kitu.

Zamu yao ilifika. Kwenye ngazi ya gati alisimama karani wa boti na ubao wake, anaandika abiria mmoja mmoja. Nyuma yao msururu ulikuwa mrefu: wachukuzi, askari wawili, walimu wanaorudi kisiwani Amu, mwanamume mmoja mwenye baiskeli ambayo pembeni pa keria yake palining'inia mfuko wa tanga uliokatwa mshazari.

"Majina," alisema karani.

"Swafwan Famau. Na huyu ni baba, Famau Jeilani. Na dada."

"Dada nani?"

"Andika dada yangu tu, sisi twajulikana."

"Mzee," karani alimgeukia Famau, "huyu bibi ni wako? Nipe jina."

"Ni mwanangu," alisema mzee.

"Mwanao anaitwa nani? Mzee wangu, boti hii ikizama tutamtafuta kwa jina gani?"

Watu walicheka. Mzee Famau alifungua kinywa. Razan alimngoja. Alimngoja mpaka msururu ukaanza kunung'unika na mchukuzi mmoja akaita, "Vipi huko mbele?" Lakini watu walikuwa wengi, wanaume wote wale, na kwa miaka sabini mzee hakuwa ametaja jina la mwanamke wa nyumbani mwake mbele za wanaume. Akaitazama ardhi.

"Naitwa Razan," alisema Razan, kwa sauti iliyofika mpaka kwa mwenye baiskeli. "Razan Famau Jeilani."

Karani aliandika.

"Na andika fundi. Fundi wa mifuko ya baiskeli."

"Kazi hatuandiki hapa, dada. Hakuna nafasi yake."

"Andika pembeni."

Karani alimtazama, akautazama msururu, akamtazama tena. Kisha akageuza ubao kidogo ili apate ukingo wa karatasi, akaandika.